Sambaza anakula nini, na juu ya nini mwezi ukijaa anapotea?

SWALI: Jambo prof, niko mwanafunzi wa sekondari hapa Goma, mama yangu anauzaga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwenye soko ya Kituku. Kwenye entero (jaribio la darasani) ya biolojia niliandika mlolongo wa chakula hivi: majani, sambaza, mtu. Mwalimu akanikata pointi mbili. Kosa iko wapi? Na juu ya nini mwezi ukijaa sambaza wanakuwa wachache sokoni, wanaenda kulala chini kabisa ya ziwa ama?

JIBU: Karibu mtoto yangu. Mwalimu hakukuonea, uliruka hatua hapo katikati. Sambaza hali majani, chakula yake kubwa ni zooplanktoni, vile vidudu vidogo vinaelea majini, ukichota maji ya ziwa kwenye glasi na kuiinua kwenye jua unaweza kuona vingine kama nukta zinaruka-ruka. Vyenyewe vinakula mwani mdogo sana, na mwani ndio unajipikia chakula kwa mwanga wa jua. Sasa kila hatua nguvu nyingi inapotea kama joto, inapita kama asilimia 10 tu, kwa hiyo kilo 1 ya sambaza kwenye beseni ya mama nyuma yake kuna kama kilo 100 za mwani (usimwambie, atapandisha bei).

Mwezi sasa. Mchana zooplanktoni wanashuka kujificha, usiku wanapanda, na sambaza anawafuata. Ndiyo wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wanawasha taa, samaki wanajaa kwenye mwanga halafu wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, taa inakosa kazi, samaki wanatawanyika.

Kulala chini kabisa, hapana! Kivu iko na mita karibu 485 kwenda chini lakini oksijeni, hata wakati wa kiangazi upepo ukikoroga maji, haivukagi sana mita 60 au 70. Kisha sambaza mwenyewe ni mgeni, alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kule chini hajui mtu.

Ila usiandike kwamba huko kumekufa. Mwani na vidudu vikifa vinazama, bakteria wanaviozesha bila oksijeni, halafu viumbe vingine vidogo vinaitwa arkea vinatengeneza methani, ile gesi Rwanda wanaitolea umeme. Kwenye mlolongo wako hao waozeshaji hukuwaweka kabisa, na mwalimu angeweza kukukata pointi ya tatu.