Jibu: Siku ya pili maziwa hayajatoka, nimpe ya kopo?

Hongera kwa kujifungua, mdogo wangu. Umeuliza kama umwanzishie mtoto maziwa ya kopo kwa kuwa leo ni siku ya pili na matiti bado laini. Usiharakishe. Hayo matone mazito ya njano yanayotoka sasa ndiyo dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na kwa tumbo dogo la kichanga kwa kawaida yanatosha. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5, na waliojifungua kwa upasuaji wakati mwingine huchelewa zaidi.

Ili kusaidia maziwa yaje, mvue mtoto nguo abaki na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo. Uso ugeukie pembeni, pua iwe wazi. Ukisikia usingizi, mpe mtu mwingine (baba naye ana kifua!). Akianza kutafuta titi au kunyonya ngumi, mnyonyeshe, usingoje alie. Mdomo uwe wazi sana, achukue na ule weusi unaozunguka chuchu; ikiuma mno, mtoe umshikishe upya. Mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida.

Ila akiwa mlegevu, hakojoi au ngozi inageuka njano, mpeleke hospitali leo hii.