Ngazi za matofali zinamomonyoka, nibomoe ama nikarabati?

SWALI: Fundi habari. Niko Jinja, mlango wetu wa mbele uko na ngazi nne za matofali ya kuchoma, alijenga marehemu baba. Kingo zinatoa unga mwekundu, mwaka jana tukaleta mtu akapiga plasta ya simenti juu, sasa plasta imebanduka na vipande vya tofali, halafu ngazi ya chini imeachana na zingine. Tubomoe tumwage zege?

JIBU: Nzuri dada. Usibomoe kwanza, hapo shida ni maji, yanaingia kwenye tofali na hayana pa kutokea. Matofali yetu mengi huku Uganda yanachomwa kwa tanuri za kienyeji, na zile za pembeni na za juu hazipati moto kama za katikati, zinabaki laini na zinanyonya maji sana. Sasa ukifunika tofali laini na simenti kali, maji bado yataingia tu kupitia nyufa na kutoka ardhini, ila kukauka ndo hayawezi, tofali inalowa muda wote, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, mwisho plasta inaondoka na ngozi ya tofali. Inaniuma sana kuona watu wanalipia kazi ya namna hii, maana ngazi inabaki mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua simenti subiri mvua inyeshe, usimame hapo uangalie maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni mabati hayana gata, maji yote ya paa yanapiga ngazi. Kama ndo hivyo weka gata kwanza, bila hivyo utarudia kazi hii kila mwaka. Halafu mwaga maji kidogo juu ya kila ngazi, yanatakiwa yateremke kwenda mbele, yakituama ama yakirudi mlangoni ujue imelala vibaya. Kwa ngazi ya upana wa sentimita 30, mteremko wa nusu sentimita hivi unatosha.

Plasta iliyobaki itoe polepole na tindo na nyundo ndogo, usiruhusu mtu alete grainda, itakata kingo za tofali. Kisha gonga tofali moja moja. Inayolia vizuri iache, ile ya sauti nzito, ukikwaruza na msumari inatoa unga, hiyo toa uweke nyingine. Ukienda kununua chagua mwenyewe, gonganisha mbili zilie kama chuma, usikubali kuletewa tu lundo. Na hizi za mbele pale mguu unakanyaga zisimamishwe kwa ubavu, zikilazwa bapa zinalegea haraka.

Viungo, yaani ile mistari kati ya tofali na tofali, vilivyooza chimbua kama sentimita 2 kwenda ndani, fagia vumbi lote, nyunyiza maji tofali ilowe lakini isitiririke. Mchanganyiko ni simenti karai 1, chokaa karai 1, mchanga uliochekechwa karai 6. Chokaa namaanisha ile ya unga ya mfuko, vaa glavu maana inaunguza ngozi na macho. Fundi wengi watakuambia weka simenti nyingi iwe ngumu, kataa dada, kiungo kinatakiwa kiwe laini kuliko tofali, ili kitu kikitaka kupasuka kipasuke kiungo ambacho unaziba tena kwa siku moja, sio tofali. Koroga kidogo kidogo, iliyoanza kukaza usiongeze maji, tupa. Shindilia kwa tabaka mbili, kisha funika na gunia mbichi wiki nzima na watu wapite mlango wa nyuma. Kwa Jinja ningefanya Januari, Februari ama Juni Julai, katikati ya misimu ya mvua.

Ile ngazi ya chini sasa. Chora mstari wa penseli kuvuka ufa, andika tarehe, angalia msimu mmoja wa mvua. Kama haisogei ziba tu. Kama mistari inaachana, udongo wa chini unashuka, hapo ing'oe yote, chimba mpaka ardhi ngumu, shindilia murram na mawe, mwaga zege ya sentimita 10, ndo ujenge tena. Pima urefu ulingane na ngazi zingine, maana mguu unazoea, ngazi tatu za sentimita 17 halafu moja ya 20, wazee na watoto wataanguka hapo, hasa usiku umeme ukiwa umepotea.

Ukimaliza usipake rangi ya mafuta, itaziba kama ile plasta. Ukungu wa kijani sugua na burashi ngumu ya plastiki. Ukiona unga mweupe ni chumvi inatoka, fagia ikiwa kavu, ukiosha na maji inarudi ndani.

Kubomoa ni pale tu ukishakwaruza zote na zaidi ya nusu zinatoa unga, hapo gharama ya kubadilisha moja moja haina maana, jenga upya, ila gata bado iwe ya kwanza.