Maswali ya Wasomaji: Chungu, Chuma na Kunguru

Barua za mwezi huu zimejaa vituko vya habari kuliko muvi zenyewe, na mimi nimefurahi sana manake mara nyingi kituko na muvi ni kitu kimoja, ni vile tu hatujavikutanisha.

*

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi niko Kisauni. Ile kesi ya wazungu wawili waliokamatwa na siafu 5,000, sisi pale maskani tulicheka mpaka basi, ati mtu atoka Ubelgiji kuja kuiba siafu na sisi hapa twawamwagia mafuta taa. Nauliza, kuna muvi yoyote ya wadudu hawa, isiyo ya katuni, inayofaa kutazamwa?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kwanza si siafu. Siafu ndo wale wa msafara wanaoingia nyumba usiku wakakutoa kitandani, wale wa kesi ni chungu, wakubwa wekundu wanaokusanya mbegu na kuziweka akiba chini ya ardhi. Na hawakuwa chungu ovyo ovyo, walikuwa malkia watupu, na hapo ndipo kicheko kinanikauka mimi, kwa sababu malkia mmoja mwenye mayai anaanzisha kichuguu kizima peke yake, kwa hivyo hapo hawakubeba wadudu 5,000, walibeba vichuguu 5,000. Vijana wenyewe walikutwa huko Naivasha Aprili 2025, chungu wako ndani ya vichupa zaidi ya 2,200, kila kichupa kina pamba ili mdudu asifie njiani. Hebu jiwekee picha, mtu amekaa chumba cha gesti anaziba vichupa kimoja kimoja mpaka vinafika elfu mbili na ziada, huyo si mtu wa mchezo, huyo ajua bei. Mei wakapigwa faini ya shilingi milioni 1 kila mtu ama jela miezi 12. Wangekuwa wamebeba pembe za ndovu hapo maskani pangecheka nani? Chungu ndo wanaochimbua udongo ukapumua, ndo chakula cha muhanga na kakakuona, na ni mali yetu vile vile.

Sasa muvi. Tafuta Phase IV ya mwaka 1974. Aliyeiongoza ni Saul Bass, yule bwana aliyechora maandishi ya mwanzo ya Vertigo na Psycho, na hii ndo muvi ndefu pekee aliyowahi kuongoza maisha yake yote. Hadithi iko jangwa la Arizona, chungu wa kila aina wameacha kupigana wenyewe kwa wenyewe wakaungana, na wanasayansi wawili wamejifungia ndani ya kuba la chuma kuwachunguza. Na ngoja nikwambie kitu, zile sehemu za nje hazikupigwa Arizona kamwe, zilipigwa hapa Kenya! Mtu alikuja na kamera kwetu zaidi ya miaka hamsini iliyopita kutengeneza muvi ya chungu, na sisi wenyewe hatuijui.

Ukweli wangu ni huu, binadamu ndani ya ile muvi wanachosha, wanaongea kama wanasoma risiti, wakianza mabishano yao we nenda kachemshe chai. Lakini chungu! Kuna pahali wanasayansi wamemwaga sumu ya rangi ya manjano, chungu mmoja anakokota kipande cha ile sumu ndani ya shimo, anakufa njiani, anakuja mwengine anakichukua pale pale, naye anakufa, anakuja wa tatu, hivyo hivyo maiti kwa maiti mpaka kipande kinamfika malkia, malkia anakila, na watoto wanaozaliwa hapo sumu hiyo haiwafanyi kitu. Hakuna neno hata moja linalosemwa, na mimi niliitazama hiyo sehemu mara tatu nimeshika kikombe sikinywi. Ni chungu wa kweli, aliyewapiga picha kwa karibu anaitwa Ken Middleham na ningekuwa na uwezo ningempa yeye tuzo zote. Kampuni ilikata mwisho aliotaka Bass, ukaja kupatikana 2012 ndo watu wakauona. Muvi ilipotoka haikuuza. Shauri yao walioikosa, we itazame.

*

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, Likoni. Lile duara la chuma lililoanguka Makueni, mume wangu akasema ni kama ile picha ya chupa ya soda iliyodondoka kutoka angani, basi tukaitafuta tukaitazama na watoto, tukacheka sana. Wewe waionaje ile picha?

JIBU: Nzuri dada. Naiona vibaya, na nitakwambia kwa nini bila ya kukuvunjia furaha yako na watoto.

Picha yenyewe ni The Gods Must Be Crazy ya 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini. Inatuambia kuna Wasani, watu wa jangwa la Kalahari, wanaoishi huko raha mustarehe, hawajaona hata chupa, hawajui kama kuna dunia nyengine. Sasa mwaka huo huo wa 1980 ilitoka picha nyengine ndogo, ya ukweli, haifiki hata saa moja, inaitwa N!ai, the Story of a !Kung Woman, ya John Marshall. Huyu Marshall na familia yake walianza kuwapiga picha Wasani hao tangu 1951, kwa hivyo unamuona N!ai mwenyewe, mwanamke wa Kisani, akiwa kigori anachuma matunda porini, kisha unamuona mtu mzima amekaa Tsumkwe, Namibia, watu wamesongamana kambini wanangoja unga wa kugaiwa, kifua kikuu kimeingia, vijana wanaandikishwa jeshi la Afrika Kusini. Na katikati ya hayo yote, unaona watu wa ile picha ya chupa wamekuja pale pale na kamera zao wanawaelekeza Wasani waigize kama watu ambao hawajawahi kuona kitu! Yaani unga wa msaada uko nyuma ya kamera, na mbele ya kamera watu wanacheza raha. N!ai anaimba nyimbo zake hapo, za uchungu, za kuwasema jirani zake na wageni, na ukishamsikia ile chupa haichekeshi tena.

Na Makueni nako, watu walicheka ati wanakijiji wamepigwa na bumbuwazi. Hapana. Tarehe 30 Disemba 2024 kitu cha kipenyo cha mita 2.5 na uzani wa kilo 500 kinaangukia kijiji cha Mukuku, wenyeji wakaita wakubwa, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja likasema ni kipande cha roketi. Nani hapo mjinga, wa Mukuku ama aliyeacha chuma chake kizunguke juu ya vichwa vya watu? Kuna mkataba wa kimataifa tangu 1972 unaosema nchi iliyorusha kitu angani ndo inayolipa kikiharibu mali ya watu ardhini. Wafundishe watoto hilo, wanalielewa haraka kuliko sisi.

*

SWALI: Mzee, kijana wangu atazama picha ya Uganda kwa simu, helikopta ni ya kompyuta, damu kama Vimto, na kuna jamaa anapiga kelele juu yake mwanzo mpaka mwisho. Hiyo nayo ni sinema? Baba, Changamwe.

JIBU: Ni sinema, na ni kubwa. Hiyo ni Who Killed Captain Alex? ya 2010, ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, mtu aliyekuwa akifyatua matofali. Inasemekana gharama yake haikufika dola 200. Bunduki ni vyuma chakavu. Huyo anayepiga kelele ni VJ Emmie, msimuliaji wa picha, na ile picha bila ya sauti yake haipo tena, nakala ya asili ilishafutika. Wewe na mimi tumekulia kwenye vibanda vya video, tumemsikia DJ Afro, twajua picha bila ya mtu wa kuisimulia ilikuwa nusu picha. Na mpaka mwisho huambiwi nani alimuua Captain Alex! Kaa na kijana uitazame.

*

SWALI: Serikali ilisema 2024 itaua kunguru milioni moja. Waonaje? Na usinipeleke kwa Hitchcock na ile muvi yake ya ndege wanaoshambulia watu. Muuza viazi karai, Marikiti.

JIBU: Sikupeleki. Mimi niko upande wa mnana na chozi, ndege wetu wadogo. Hawa kunguru ni wageni, asili yao India, Zanzibar waliletwa miaka ya 1890 ili wale taka, wakala taka na mayai ya kila ndege. Mtaani kwetu kuna mkungu una viota vya mnana, asubuhi moja nilimuona kunguru ameshika kiota kwa mguu mmoja akikipasua kama mtu anayefungua mfuko wa maandazi, akatoa kinda, mnana wote wakamzunguka wakilia na yeye hata hakugeuka. Muvi ya hilo haipo. Lakini wewe hapo Marikiti una vijana wenye simu nzuri kuliko kamera aliyotumia Nabwana, waambie wakae na mti mmoja siku saba, alfajiri mpaka saa tatu, wasitie muziki, kisha waniletee hapa ofisini niitazame.