Maswali ya Wasomaji: Makumbusho ya Ukahaba, Amsterdam

SWALI: Mhariri, salaam. Nitakuwa na saa saba uwanja wa Schiphol nikisubiri ndege ya kurudi Dar. Nasikia mjini kuna makumbusho ya historia ya ukahaba. Muda utatosha? Na je, mtu mzima na heshima zake anaingia? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Muda unatosha, ila anza na pasi yako. Mwenye pasi ya Tanzania hatoki nje ya uwanja bila viza ya Schengen, hata kama tiketi ya kuunganisha anayo mkononi. Kama viza unayo, acha begi kwenye makabati ya kulipia hapo uwanjani; ngazi za nyumba kongwe za Amsterdam ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia dari. Treni hadi Amsterdam Centraal ni robo saa hivi. Gusisha kadi ya benki getini ukiingia na ukitoka pia, maana anayesahau kutoka hukatwa zaidi ya nauli. Kisha tembea dakika kumi hadi mfereji wa Oudezijds Achterburgwal, namba 60. Ndipo yalipo makumbusho yenyewe, Red Light Secrets, yaliyofunguliwa 2014 ndani ya nyumba iliyokuwa danguro. Saa moja inatosha kuyazunguka.

Kuhusu heshima, ondoa wasiwasi: hakuna maonyesho ya watu. Utaona vyumba vya kazi jinsi vilivyo, vidogo, na kitanda na sinki. Usipite bila kukaa kwenye kigoda cha dirishani, mfano wa pale wafanyao kazi hiyo wanapokaa kusubiri wateja. Kioo mbele yako, taa nyekundu juu, na unajihisi kama wapita njia wanakukodolea macho. Dakika mbili tu, utaanza kutafuta pa kuficha uso. Hiyo taa si pambo tu: wekundu hufunika madoa ya ngozi, na taa ya zambarau inayowekwa pamoja nayo huzifanya nguo nyeupe ziwake.

SWALI: Naruhusiwa kupiga picha? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndani, uliza mlangoni. Mtaani, usithubutu kuelekeza simu kwenye dirisha lenye mtu, hata ukisema unapiga mfereji. Wengi wa wale kina dada kwao hawajulikani kwa kazi hiyo, na picha moja mtandaoni inatosha kuwavurugia maisha. Ukikutwa, tegemea kufokewa hadharani. Wala usisimame kundi zima mbele ya kioo: ziara za makundi mbele ya madirisha zilipigwa marufuku 2020, kwa sababu watazamaji waliziba njia na wateja wakakimbia.

SWALI: Kwani kazi hiyo kule ni halali? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo. Madanguro yalipigwa marufuku 1911, marufuku ikaondolewa Oktoba 2000. Anayekaa dirishani hukodi chumba kwa zamu, na kodi anadaiwa apate mteja asipate. Amsterdam inataka awe na umri wa miaka 21 au zaidi. Upande huu wa sheria na pesa, kwa maoni yetu, makumbusho yanaupitia juu juu. Anayetaka undani aulizie Prostitution Information Centre, kituo cha habari za ukahaba, jirani na kanisa la Oude Kerk. Kilianzishwa 1994 na Mariska Majoor, aliyewahi kufanya kazi hiyo mwenyewe. Angalia kwanza siku wanazofungua, kisha ndipo ukate tiketi ya treni.