Uvimbe mgumu kwenye paji la uso: CT au MRI?

Pole na wasiwasi, dada uliyeuliza kama mama yako apigwe CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) au MRI (picha za sumaku). Uvimbe mgumu kama jiwe kwenye paji lake, hauumi, hausogei, una miaka 6: hapo daktari hakukosea kuandika CT, hata kama jirani anasisitiza MRI kwa kuwa ni ghali zaidi. Ughali si kipimo cha kufaa. CT huonyesha mfupa wenyewe, na mara nyingi hata sindano ya dawa ya kung'arisha picha haihitajiki. Osteoma, yaani uvimbe wa mfupa usio saratani, huonekana nyeupe pee, kingo zake safi. Mfupa ukiwa umetanuka na ndani unafanana na kioo chenye ukungu, watafikiria displasia ya nyuzi (mfupa wa kawaida kubadilika kuwa wa nyuzinyuzi), ambayo kwa kawaida huanza ujanani. MRI huitwa pale jicho au ubongo unapohofiwa kuguswa.

Fomu ya kipimo iandikwe historia yote, si "uvimbe kichwani" tu, halafu tulalamike majibu hayaeleweki!

Mama akiwa na uvimbe wa namna hiyo zaidi ya mmoja, hasa tayani, muulizeni daktari kuhusu kuchunguza utumbo mpana. Ugonjwa wa Gardner, ambao ni wa kurithi, huleta uvimbe wa mifupa kama huo pamoja na vinyama vinavyoota huko utumboni. Uvimbe ukianza kukua haraka, au jicho likatokeza, msisubiri tarehe ya kliniki.