Jibu: Mkondo wa 470 na wa 405 kupanda na kushuka pamoja

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unapima shughuli za seli za ubongo kwa mwanga, umepandikiza unyuzi wa kioo hadi kwenye nukleasi akumbensi ya panya (sehemu ya ubongo inayohusika na motisha), karibu milimita 4 ndani ya ubongo, na kila panya anapokimbia, mkondo wa vipimo vya mwanga wa nanomita 470 na ule wa 405 hupanda na kushuka kwa pamoja.

Usianze kulaumu virusi vilivyopeleka jeni la GCaMP kwenye seli, wala GCaMP yenyewe, yaani protini inayong'aa zaidi chini ya mwanga wa 470 kalsiamu inapoongezeka seli zikifanya kazi. Mwanga wa karibu na nanomita 405 huiwasha GCaMP kwa kiwango kisichotegemea sana kalsiamu, kwa hiyo mkondo huo ukicheza sambamba na wa 470, kwa kawaida kinachosogea ni kifaa, si shughuli ya seli. Kagua kwanza kiungio cha kauri kilicho juu ya kichwa, kinachounganisha unyuzi uliopandikizwa na waya wa mwanga unaotoka kwenye mashine, kwa sababu kikilegea hata kidogo, ncha mbili za unyuzi huachana na mwanga huvuja. Kwangu mimi tatizo limekuwa hapo mara nyingi. Futa ncha zote kwa spiriti na karatasi isiyoacha nyuzinyuzi, badilisha kiungio, kisha uzungushe waya wa mwanga taratibu kwa mkono panya akiwa ametulia. Mstari wa vipimo ukiruka, tatizo bado liko hapo. Halafu tazama kama saruji ya meno imeshika fuvu sawasawa, maana kipandikizi kinachotikisika hakirekebishiki kwa hesabu.

Mistari yote miwili ikitulia na bado 470 haionyeshi kitu wiki kadhaa baada ya kudunga virusi, hapo ndipo ningeshuku virusi vyenyewe, au ncha iliyokosa shabaha. Kati ya hayo mawili siwezi kuamua nikiwa mbali. Litajulikana utakapokata vipande vya ubongo na kuviangalia kwa hadubini.