Ubunifu wa Bidhaa katika A-level kwa asiyejua kuchora

Dada yangu, umeuliza kama binti yako anayesoma Uingereza aruhusiwe kuchukua Ubunifu wa Bidhaa katika A-level ilhali hajui kuchora vizuri. Kwa maoni yangu aruhusiwe, mradi nyote mjue mapema uzito wa somo hilo.

Katika mtaala wa AQA, mojawapo ya bodi za mitihani za huko, nusu ya alama zote hutokana na mradi mmoja ambao mwanafunzi huufanya mwenyewe: humtafuta mtu mwenye shida halisi, humhoji, huandika masharti ambayo bidhaa inapaswa kuyatimiza, hutengeneza vielelezo vya majaribio vya bidhaa hiyo, kisha humkabidhi mtumiaji kifaa ili akijaribu na kukikosoa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kazi huchukua miezi mingi, na asiyeeleza sababu za kila uamuzi hupoteza alama hata kama kifaa chake kinapendeza. Mchoro unahitajika ili wazo lieleweke. Uzuri wa kisanaa si sharti.

Nusu nyingine ni karatasi mbili za mtihani zinazohusu malighafi, njia za uzalishaji na historia ya ubunifu, pamoja na hesabu zisizopungua asilimia 15 ya alama za mitihani hiyo.

Iwapo anawazia uhandisi, tafadhali asiache Hisabati, na ikiwezekana Fizikia, kwani vyuo vikuu vingi huko huzidai. Kabla hajajaza fomu, muulizeni mwalimu kama karakana ya shule hufunguliwa baada ya vipindi, maana muda wa darasani pekee hautoshi kuukamilisha mradi huu.